Mama Mdogo wa Mlangoni

Dada yangu alijifungua Jumanne asubuhi. Mdomo wangu ulikuwa umemtangulia. Wenyewe ulijifungua Jumatatu, malengelenge matano yaliyobanana pembeni mwa mdomo wa chini kama abiria wanaogombea kiti kimoja.

Nilikuwa nimeyategemea. Huja kila ninapokitaka kitu sana. Yalikuja siku ya mtihani wa mwisho chuoni, yakaja siku ya mahafali, yakaja tulipomzika mama. Kwanza mdomo unawasha mahali padogo, kama mtu anakuchoma kwa ncha ya sindano huku akikucheka. Ukilala ukiamka pamevimba. Kesho yake pamejaa maji, keshokutwa pamepasuka, kisha linakuja gamba la kahawia linalochanika kila ukipiga mwayo. Siku kumi, mara nyingine kumi na mbili. Halafu ngozi inarudi safi kana kwamba hakuna lililotokea, na virusi vyenyewe vinakwenda kulala kwenye mishipa ya fahamu, huko ndani ya fuvu ambako dawa haiwezi kuvitoa, vikingoja siku nyingine ya maana. Nadhani vina nakala ya kalenda yangu.

Nilivipata kwa mama. Alikuwa navyo, na alikuwa mtu wa kubusu. Dada alirithi macho yake na ule mwendo wake wa kutembea kama anayechelewa kwa makusudi. Mimi nikarithi kidonda. Shuleni waliniita Kigaga. Dada, aliyekuwa madarasa matatu mbele yangu, alimwangusha mvulana mmoja kwenye uwanja wa michezo akamkalia mgongoni mpaka akasema, "Simwiti tena, simwiti tena." Mimi nilisimama pembeni nimeshika mabegi yote mawili. Sijampenda mtu yeyote kama nilivyompenda dada siku ile.

"Mdogo wangu, ni wa kiume!" alisema kwenye simu Jumanne hiyo. "Njoo umwone. Ana kichwa cha baba, maskini, kikubwa vilevile."

"Hongera, dada. Hongera sana. Lakini nina kile kitu."

Nilimsikia mtoto kwa mbali, sauti kama ya mlango mdogo usiotiwa mafuta.

"Kimetoka lini?"

"Jana."

"Ah, kidonda chako nacho! Hata mwaliko hakingoji." Akacheka, nami nikacheka kwa upande mmoja, ule usiouma. "Basi subiri kipone. Mtoto hakimbii."

Alikuwa amemngoja miaka minane. Mimba mbili zilikuwa zimeharibika katikati, na mara zote mbili mimi ndiye niliyemfulia mashuka. Kwa hiyo hakuna aliyehitaji kunieleza kwa nini nisubiri. Nilikuwa nimeyasoma yote kabla hata hawajamwambia kliniki: kwa mtu mzima kidonda cha mdomo ni maumivu na aibu ya wiki moja na nusu, kwa mtoto wa siku chache kinaweza kupanda mpaka kwenye ubongo. Mwenye kidonda asimbusu, asimshike. Niliandika maneno hayo kwa herufi kubwa kwenye karatasi nyeupe, nikampa dada aibandike kwenye mlango wa jokofu nyumbani kwao. Sheria iliyonizuia mlangoni ilikuwa kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Nilichokitaka kilikuwa kimoja tu: kumpakata. Wengine walitaka awe daktari, awe rubani, afanane na huyu au yule. Mimi nilitaka tu nimweke mkononi, nijue uzito wake.

Karakanani kwetu tunashona sare na magauni ya harusi, na mdomo ni kifaa cha kazi. Pini hukaa midomoni, uzi hulowanishwa kwa ulimi ili upite kwenye tundu la sindano, na mshono ukiisha uzi hukatwa kwa meno. Bosi wetu, mwanamke mnene asiyesimama hata akizungumza na wateja, husema fundi anayetafuta mkasi kila mara ni kama mpishi anayetafuta kijiko cha kuonjea wakati kiganja anacho.

"Leo nani kakubusu, pasi?" aliniuliza yule tuliyempa jina la Redio, kwa sababu hazimwi. Cherehani yake inatazamana na yangu.

"Achana nami."

"Mwambie siku nyingine apunguze moto."

Mabinti wengine wakacheka. Nami nikacheka kidogo, kwa sababu Redio alikuwa akinitania kila mtu anasikia. Wanaonitazama mdomo halafu wakasogeza kikombe chao taratibu ndio siwawezi.

Wiki ile, saa za chakula cha mchana, nilishona nguo za mtoto. Vishati sita vya kufungwa mbele, kofia mbili na blanketi jepesi la pamba. Kwa mara ya kwanza tangu nijue kushona sikuweka pini mdomoni. Nilikata kila uzi kwa mkasi mdogo, hata zile ncha za urefu wa kope.

"Meno yako yamekwenda likizo?" Redio akauliza.

"Ni nguo za mtoto."

"Mtoto gani anashonewa kama anakwenda kufanyiwa upasuaji?"

"Wa dada yangu."

Akaacha kukanyaga cherehani. "Ehe! Basi shona taratibu, mama mdogo."

Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniita hivyo. Niliinama nikatafuta pini ambayo haikuwa imeanguka.

Nguo zilipokwisha nilizichemsha, nikazianika, nikazipiga pasi nje na ndani, nikazifunga kwenye mfuko msafi. Jumapili nikazipeleka. Gamba lilikuwa bado halijabanduka, kwa hiyo nilivaa barakoa na nikajiambia nitaishia mlangoni.

Dada anaishi kwa mama mkwe wake. Nyumba ni ya huyo mama, na kila mtu humwita Mwalimu, hata mwanawe. Amestaafu ualimu, lakini ualimu haujamstaafu yeye: sebuleni kuna saa mbili za ukutani ili moja ikikosea nyingine iseme, na viatu vya wageni hupangwa kwa ukubwa.

"Hodi."

"Karibu, ishia hapo hapo! Hapo kwenye kizingiti panatosha, mwanangu."

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Dada yako anaoga."

Alikuwa ameketi kwenye kochi akiwa na mtoto mapajani. Nilimwona. Kichwa kweli kilikuwa cha baba. Alikuwa amekunja uso kama mzee aliyesomewa taarifa asiyoiamini, na mkono mmoja umetoka kwenye nguo, vidole vimetanuka. Nilimtazama mpaka macho yakanichoma. Halafu ndipo nikamtazama Mwalimu, na nikaona kwamba amepaka rangi ya mdomo.

Saa nne asubuhi, nyumbani, yuko na gauni la kulalia. Sikuwahi kumwona na rangi ya mdomo hata siku ya harusi ya mwanawe. Na ilikuwa imekolezwa upande mmoja, kushoto chini, tabaka juu ya tabaka. Namna hiyo ya kupaka naijua. Nimeipaka miaka kumi. Chini ya rangi palikuwa na uvimbe, na juu ya uvimbe rangi ilikuwa imepasuka na kung'aa kwa majimaji. Kila baada ya muda ncha ya ulimi wake ilikwenda pale, ikapagusa, ikarudi ndani.

Kisha akainama akambusu mtoto. Si kwenye paji la uso. Mdomoni, kwa mvuto, kama anayekunywa chai ya moto.

"Mwalimu," nikasema. Sauti ilinasa kwenye barakoa. "Mwalimu, samahani. Mdomo wako."

"Umefanya nini mdomo wangu?"

"Hapo pembeni. Naona kama... kama changu."

Alinitazama vile anavyotazamwa mtoto aliyejibu swali ambalo hakuulizwa.

"Hii ni homa," akasema. "Homa ya kawaida. Naipata tangu nikiwa msichana, nikichoka au jua likinipiga. Kila mtu anaipata. Mwenye ugonjwa ni wewe, mama. Si una cheti cha daktari?"

Nilikuwa nacho kweli. Nilikwenda hospitali mwaka wa pili wa chuo, nikapimwa, nikaambiwa jina lake, nikarudi nyumbani nikawaeleza ili wajue. Hilo ndilo kosa langu la kwanza. Aliyekwenda kuuliza ndiye aliyekuwa mgonjwa. Asiyeuliza alikuwa na homa.

Dada akatoka bafuni, kitambaa kichwani. "Kuna nini?"

"Mdogo wako ananipima," Mwalimu akasema. "Barakoa imempandisha cheo."

Dada alimtazama mama mkwe wake mdomoni. Niliona jicho lake linatua pale kwenye rangi, linakaa, halafu linashuka chini sakafuni.

"Mdogo wangu, acha."

"Dada, ile karatasi ya kwenye jokofu..."

"Nimesema acha."

Niliweka mfuko wa nguo kwenye kizingiti nikaondoka. Mtu wa haya akisema neno mara moja hudhani amepiga baragumu. Njia nzima nilijihesabia kuwa nimesema.

Siku ya kumi na tano shemeji alinipigia akiwa hospitali. Mtoto alikuwa ameacha kunyonya. Alikuwa na joto, analegea, na chini ya jicho la kulia yalikuwa yametoka malengelenge matatu.

Daktari wa watoto alitukusanya kwenye korido, karibu na sinki la kunawia mikono. Alikuwa mwanamke kijana, pengine mkubwa wangu kwa miaka mitano, na viatu vyake vilikuwa vimelika visigino. Alisema wameshaanza dawa kwenye mshipa, hawangoji majibu ya maabara. Alisema wamemwahi, ila hawezi kuahidi. Halafu akauliza:

"Nani kati yenu ana kidonda cha mdomo, au alikuwa nacho ndani ya wiki mbili hizi?"

Vichwa vitatu viligeuka kwangu kwa pamoja. Hata mimi, kama ingewezekana, ningejigeukia.

"Mimi," nikasema. "Lakini sijamgusa. Sijawahi kumgusa."

"Hata mara moja?"

"Nimemwona kutoka mlangoni tu."

"Na wengine?"

Mwalimu hakuwa na rangi ya mdomo siku hiyo. Mdomo wake ulikuwa umepona, pamebaki alama ya waridi tu, pana kama ukucha wa kidole kidogo. Nami ninajua siku ngapi alama hiyo hukaa.

"Hakuna mwingine," akasema. "Lakini daktari, huyu ni fundi wa kushona. Nguo zote za mtoto amezishona yeye, kidonda kikiwa kibichi. Na mafundi hukata uzi kwa meno. Nimewaona kwa macho yangu, wanatafuna uzi kama mbuzi."

"Nilitumia mkasi."

"Nani alikuona?"

Daktari akainua mkono. "Nguo zilifuliwa?"

"Nilizichemsha. Nikazipiga pasi."

"Basi si nguo. Virusi hivi havidumu kwenye kitambaa kikavu, sembuse kilichochemshwa. Ni busu, ni mate, ni kidonda kugusa ngozi." Akatupitia macho, mmoja baada ya mwingine. "Kuna mtu alimbusu huyu mtoto. Simtafuti nimfunge. Nataka asirudie."

Shemeji alikuwa akisoma bango la kunawa mikono kana kwamba ataulizwa maswali juu yake. Nilimtazama dada. Alikuwa amesimama ameshika kifua, maziwa yamelowanisha gauni, na alipoona namtazama alitikisa kichwa kidogo sana, kama mtu anayemfukuza inzi bila kutumia mkono.

Basi nikanyamaza. Hilo la kunyamaza ni langu, simsingizii mtu.

Siku ishirini na moja mtoto alitundikiwa dawa. Kila nikitoka kazini nilikwenda kukaa kwenye benchi nje ya wodi. Ndani waliingia wazazi na bibi. Bibi alinawa mikono mpaka kwenye viwiko, taratibu, kila mtu amwone.

Siku ya tatu shemeji alitoka akakaa karibu nami.

"Shemeji," nikamwambia, "niwaletee zile nguo nyingine mbadilishe? Vile vishati..."

"Mama amevichoma."

"Vyote?"

"Vyote. Na blanketi." Akajikuna shingo. Ni fundi umeme, mtu mpole, na vidole vyake havitulii bila waya. "Usimchukie. Alikuwa amechanganyikiwa."

"Daktari amesema si nguo."

"Amesema si rahisi iwe nguo."

"Hakusema hivyo, shemeji."

"Sikiliza. Si rahisi ni kitu kimoja, haiwezekani ni kitu kingine." Akanipa chupa ya maji aliyokuwa amekuja nayo, akaifungua kabisa kizibo. Ulikuwa upole wa mtu anayekuomba usogeze mguu asije akaukanyaga mara ya pili.

Karakanani Redio alizipata habari zote bila mimi kumwambia, sijui kwa masafa gani.

"Nyani haoni kundule!" akasema, na bosi akamwambia apunguze sauti, mteja yuko chumba cha kupimia. Akashusha sauti kidogo sana. "Kwa nini hukumtaja?"

"Wasingeniamini."

"Hukusema kwa kuwa wasingekuamini, au hawakuamini kwa kuwa hukusema?"

Nikainama nikatunga uzi kwenye sindano.

"Nije nitoe ushahidi? Nilikuona mimi, na hako kamkasi kako, unakatakata kama unamnyoa panya."

"Usije. Tafadhali."

"Haya. Mzigo wa mwenzio ni kanda la sufi. Wanakutwika kwa sababu kwao ni mwepesi."

Katika wiki zile tatu mdomo wangu ulitoka mara mbili, mara ya pili kabla ya ya kwanza kukauka vizuri. Haikuwahi kutokea hivyo. Alasiri moja daktari alinikuta kwenye benchi nimefunika mdomo kwa kiganja, akaketi.

"Unatumia dawa gani?"

"Krimu."

"Ukingoja mpaka yatoke, krimu ni ya kujifariji tu. Nitakuandikia vidonge uwe navyo kwenye mkoba. Ukihisi ule mwasho wa kwanza, meza siku hiyo hiyo, usingoje kesho." Akaandika. "Na acha kukaa kama uko peke yako duniani. Zaidi ya nusu ya watu wazima wanavyo hivi virusi. Wengi hawajui. Wengine hawataki kujua."

"Anaendeleaje?"

"Ananyonya. Jicho limepona, na hatuoni dalili kwenye ubongo. Atabaki na makovu madogo." Akanyanyuka. Halafu akasema, bila kunitazama, "Uliponiambia hukumgusa, nilikuamini."

Nililia pale pale, kwa sababu ni mgeni aliyelisema.

Walimtoa hospitali Ijumaa. Wiki mbili zikapita bila simu. Jumamosi ya tatu dada akapiga.

"Njoo leo mchana. Mwalimu amesema yaishe."

"Yapi?"

"Njoo tu, mdogo wangu. Mdomo wako ukoje?"

"Safi. Siku ya tisa leo uko safi."

"Vaa barakoa hata hivyo."

Aliningoja mlangoni, na kwa mara ya kwanza nilivuka kile kizingiti. Alinishika mkono akanipitisha moja kwa moja mpaka chumbani kwake, akafunga mlango. Alikuwa amekonda. Nywele zilikuwa zimemnyonyoka mbele, kwenye paji, na harufu yake ilikuwa ya maziwa na sabuni. Nilitaka kumkumbatia, sikujua kama naruhusiwa.

"Shemeji yako amezungumza na mama yake," akasema. "Amekubali uwe unakuja. Umshike mtoto, ukae naye, kama kawaida."

"Dada!"

"Ila anataka umwombe msamaha."

Nilikaa kitandani. Kulikuwa na nepi zimekunjwa kwa safu, safi kabisa.

"Unajua si mimi."

Alichukua nepi moja iliyokwisha kukunjwa, akaikunja upya.

"Uliona mdomo wake. Nilikuona unaona."

"Najua ninachokijua," akasema kwa sauti ya chini, akitazama mlango. "Na wewe ukishasema unachokijua, utaondoka urudi kwenye chumba chako. Mimi nabaki hapa. Hii nyumba ni yake. Huyu mume ni mwanawe. Unadhani nikimwambia, 'Mama, wewe ndiye nusura umuue mjukuu wako,' kesho tutakunywa chai pamoja?"

"Kwa hiyo niseme mimi ndiye nusura nimuue."

"Useme pole tu. Neno moja." Akapiga magoti mbele yangu, dada yangu, akanishika magoti. "Wewe ni wangu. Wewe utanisamehe. Yule hatanisamehe."

Nilimtazama utosini. Nilitaka kumuuliza kama anamkumbuka yule mvulana wa uwanja wa michezo. Sikuuliza. Labda mtu anapata nguvu za kumkalia adui mgongoni mara moja tu maishani, na dada alishazitumia zake kwa ajili yangu.

"Na ukikataa sitakulaumu," akasema, akiwa ameinamisha kichwa. "Lakini mtoto hutamwona. Sina namna."

Chumba cha pili mtoto akakohoa, kikohozi kidogo, cha mtu anayeomba nafasi ya kusema. Nikasimama.

Mwalimu alikuwa kwenye kochi lilelile, amevaa vizuri, mikono juu ya mapaja. Shemeji alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha akifungua na kufunga plagi ya redio kwa bisibisi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Sikukaa. Nilijua nikikaa sitasema.

"Samahani, Mwalimu."

"Samahani ya nini?"

Nikamtazama dada. Alikuwa amekwenda kumchukua mtoto na kurudi naye, amesimama katikati ya mlango wa chumba, amembana kifuani.

"Kwa yaliyotokea," nikasema.

"Yaliyotokea ni mengi." Hakuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa na ile subira ya mtu aliyefundisha miaka thelathini na tano. "Sema sentensi kamili, mama, ili tuelewane, tusirudi nyuma tena."

Saa mbili za ukutani zilikuwa zikigonga, moja nyuma ya nyingine kidogo. Shemeji aliacha kuzungusha bisibisi. Chini ya barakoa midomo yangu ilikuwa mizima, haina hata ufa, na maneno yakatoka bila kuuma.

"Naomba samahani kwa kumwambukiza mtoto."

"Vizuri," Mwalimu akasema. "Kukiri hakumuui mtu. Yamekwisha. Mpe."

Dada akaja akamweka mikononi mwangu. "Haya, nenda kwa mama mdogo," akasema kwa sauti ya uchangamfu ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Alikuwa mzito kuliko nilivyodhani, na wa moto, na shingo yake ilikuwa haijaamua ielekee wapi. Makovu matatu yalikuwa chini ya jicho, meupe, madogo kama mbegu za ufuta. Alinitazama macho, maana ndiyo tu yaliyoonekana juu ya barakoa, akakunja paji, akalikunjua. Nilikaa naye sakafuni, mgongo ukutani, nisije nikamwangusha. Nilikuwa nimengoja wiki nane nijue uzito wake na sasa niliujua. Kila nilipotaka kuufurahia nilisikia ile sentensi yangu, nzima, kiima na kiarifu.

Simu ya Mwalimu ikalia. Akaipokea palepale kwenye kochi. Nadhani alikuwa ni dada yake, maana hakusalimia kwa cheo.

"Ndiyo, yuko hapa. Mama yake mdogo," akasema. "Si niliwaambia? Amekiri mwenyewe, kwa kinywa chake, mbele yetu sote."

Dada aliketi karibu nami, bega kwa bega, akaanza kumwimbia mtoto wimbo wa kumbembeleza. Mwalimu alivyozidi kueleza kwenye simu, naye alizidi kupandisha sauti, akaimba kwa nguvu, akimtikisa mguu, ingawa mtoto hakuwa analia.